Siri ya Serikali na Siri ya Mwizi

Liko neno moja tulisikialo mara nyingi vibarazani, na hata mlangoni pa kanisa baada ya sala, nalo ni hili: kwamba mtu atoaye siri ya Serikali ni msaliti, na gazeti lipigalo chapa siri hiyo ni adui wa nchi. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao ni wazee wa kanisa, watu wa kulipa kodi na kutii amri. Tena wanalo Neno mkononi: hufungua Waraka kwa Warumi, sura ya 13, wakatuonyesha ya kuwa mamlaka yametoka kwa Mungu. Wakiisha kusema hayo huona shauri limekwisha. Sisi twasema halijakwisha. Twaandika maneno haya kuwapinga ndugu zetu hao, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, maana twaona ya kuwa neno lao likifuatwa mpaka mwisho humvika mwizi nguo za askari.

Hatusemi ya kuwa siri ni kitu kibaya. Sisi walimu twaijua siri. Karatasi za mtihani hutufikia zimefungwa, wala hatuzifungui mpaka saa iliyowekwa. Mwalimu azitoaye kabla ya saa hiyo ni mwizi, maana amemwibia mtoto wa maskini aliyesoma usiku kwa kibatari, akampa mtoto wa mwenye fedha asiyesoma. Mganga naye hushika siri ya mgonjwa wake, na mchungaji siri ya mwenye kutubu. Serikali nayo hushika siri ya safari za askari wake, na ya majina ya watu waliowafichua wanyang'anyi. Siri zote hizi zina alama moja: kila moja yamlinda mtu. Ukiitoa, yuko asiye na hatia atakayeumia.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 23, twasoma habari za watu zaidi ya 40 walioapa ya kuwa hawatakula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Hiyo ilikuwa siri yao, nao waliishika pamoja na wakuu wa makuhani. Kijana mmoja, mwana wa dada yake Paulo, akaisikia. Je, alinyamaza kwa sababu wakuu wamo ndani yake? Hakunyamaza. Alikwenda akamwambia Paulo, na Paulo akampeleka kwa jemadari. Lakini tazameni lililofuata: jemadari alimwonya kijana asimwambie mtu ye yote ya kuwa amempasha habari hizo, kisha usiku ule akampeleka Paulo Kaisaria na askari wengi. Basi katika sura moja mna siri mbili. Siri ya wauaji ilipaswa kufunuliwa, na siri ya safari ya Paulo ilipaswa kufungwa. Kijana yule yule aliitoa ile, akaishika hii, wala hapana aliyemwita msaliti ila wale waliokosa windo lao.

Tena iko barua ya Mfalme Daudi kwa Yoabu, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 11. Hiyo ilikuwa barua ya Serikali hasa: imeandikwa na mfalme, imepelekwa kwa mkuu wa majeshi wakati wa vita, na yamhusu askari. Aliyeichukua mkononi ni Uria mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na amri ya kumwua Uria. Twawauliza ndugu zetu: kama karani wa Daudi angaliifungua barua ile, akamnong'oneza Uria asiende, je, mngalimwita msaliti wa Israeli? Kama mkisema ndiyo, basi semeni pia ya kuwa Nathani alikosa alipoingia kwa mfalme na kulitaja jambo lile waziwazi. Na kama mkisema siyo, basi mmekubaliana nasi ya kuwa muhuri wa mfalme peke yake hauifanyi siri kuwa njema.

Sasa tuyatazame mambo ya siku zetu, kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Desemba mwaka 2002 watu wa Kenya walichagua Serikali mpya chini ya Rais Mwai Kibaki, nayo iliahidi kuikomesha rushwa. Mwezi wa Januari mwaka 2003 Rais alimwita Bwana John Githongo, mtu aliyekwisha julikana kwa kuipinga rushwa, akamfanya Katibu Mkuu katika ofisi ya Rais, kazi yake kuangalia uadilifu wa Serikali. Haukupita muda mrefu ikaonekana mikataba ya ajabu. Mmoja ulikuwa wa mitambo ya kutengenezea hati za kusafiria. Kampuni moja ya Kifaransa ilikuwa tayari kuifanya kazi hiyo kwa yuro milioni 6 hivi. Kazi ikapewa kampuni nyingine iliyojiita Anglo Leasing and Finance, kwa yuro milioni 30 hivi. Wenye kampuni hiyo walipotafutwa hawakuonekana. Palikuwa na jina na anwani tu. Na jambo lilipoanza kuulizwa Bungeni mwaka 2004, fedha zilizokwisha lipwa, karibu yuro milioni moja, zikarudishwa kimya kimya na watu wasiojitaja. Tangu lini mfanya biashara wa haki akarudisha malipo yake kwa sababu ameulizwa yeye ni nani?

Mkataba huo haukuwa peke yake. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali alipochunguza mwaka 2006 alihesabu mikataba 18 ya namna hiyo, na jumla yake ilipita shilingi za Kenya bilioni 50. Mingi ilihusu polisi na usalama wa nchi, na kwa ajili hiyo ilipita kando ya macho ya watu. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Neno "usalama" liliandikwa juu ya mlango, na ndani ya chumba hamkuwa na askari wala adui, bali mlikuwa na hesabu zisizoweza kusomwa mchana.

Basi Bwana Githongo alifanya nini? Hakukimbilia gazeti. Kwanza alimwendea bwana wake, akampasha Rais habari za yale aliyoyaona. Alipotambua ya kuwa anaowashuku ni wakubwa aliokuwa akiketi nao meza moja, aliyanasa maneno yao kwa mashine, ili siku ya kuulizwa asiwe na neno lake tu. Mwezi wa Februari mwaka 2005, akiwa Uingereza na kuhofia uhai wake, alijiuzulu wala hakurudi. Mwezi wa Novemba mwaka huo alimwandikia Rais barua ndefu yenye kueleza mambo na tarehe zake. Mwezi wa Januari mwaka 2006 ndipo habari za barua hiyo zilipotokea katika gazeti la Daily Nation, na mwezi uliofuata wajumbe wa Kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali walisafiri mpaka London kumsikiliza.

Mara baada ya hayo Waziri wa Fedha alijiuzulu, na mawaziri wengine wawili wakakaa kando. Yatupasa kusema kwa haki ya kuwa wote watatu walikana kosa, na baadaye wakarudi katika baraza la mawaziri. Wala hatuandiki haya ili kumhukumu mtu, maana kuhukumu ni kazi ya mahakama. Twaandika ili kuuliza swali moja: kabla ya gazeti kusema, miaka ilipita na nani aliulizwa jambo? Baada ya gazeti kusema, wiki chache zilitosha kuwaondoa wakubwa vitini na kuipeleka kamati ya Bunge ng'ambo ya bahari.

Ndugu zetu hutujibu kwa maneno matatu, nasi tutayajibu moja moja.

Neno la kwanza ni lile la Warumi 13. Twaliamini neno hilo kama wao. Lakini twawaomba wasiishie mstari wa kwanza. Mtume aendelea kutueleza mamlaka yamewekwa kwa kazi gani: ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu, na mwenye kutisha ni kwa watenda mabaya. Basi afisa atumiaye kiti chake kuiba ameiacha kazi aliyowekewa, na mtu amfunuaye anaitetea mamlaka ile ile ambayo mwizi anaichafua. Kumtii mfalme si kumsaidia mtumishi wa mfalme kuiba ghalani mwa mfalme.

Neno la pili ni la aibu. Husema, "Siri ya nyumba haitolewi nje; wageni watatucheka." Twajibu kwa mithali ya wazee wetu: mficha maradhi, kifo humwumbua. Wakenya hawakupona kwa kuficha. Mwezi wa Mei mwaka 2014, zaidi ya miaka kumi baada ya mambo haya kuanza, Serikali yao ililazimika kulipa karibu shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili za mikataba hiyo, kwa sababu ya hukumu zilizotolewa na mahakama za ng'ambo. Fedha hizo zilitoka kwa nani? Zilitoka kwa mama auzaye mboga sokoni na alipaye kodi katika kila kipande cha sabuni anunuacho. Yeye hakuutia mkataba sahihi, wala hakuonyeshwa, na angaliuliza angaliambiwa ni siri. Lakini siku ya kulipa siri ilikuwa yake.

Katika neno hilo la aibu limo jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Bwana Githongo ni Mkikuyu, na Rais Kibaki alikuwa Mkikuyu. Walikuwako watu wa kabila lake waliomwona kuwa amewauza ndugu zake. Wakristo wenzetu, neno hili latuhusu hata sisi tusio Wakenya. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumenyamaza kwa sababu mwizi ni mtu wa ukoo wetu, au wa usharika wetu, au aliyetupa lifti siku ya mvua? Tukimfunua mwizi wa kabila jingine twajiita wapenda haki. Tukiambiwa tumfunue wa kwetu twakumbuka ghafula ya kuwa kusengenya ni dhambi.

Neno la tatu lina nguvu zaidi, nalo ni hili: "Yako mahali pa kupeleka mashtaka. Kwa nini gazeti?" Hapa twakubaliana nao nusu. Bwana wetu ametufundisha utaratibu katika Mathayo 18: ndugu akikosa, mwendee peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Hiyo ndiyo njia iliyo njema, na hata sheria za nchi zimeanza kuifuata. Kwetu Tanzania ilitungwa mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, wapelekao habari za uovu kwa wenye mamlaka. Kenya nayo, katika Katiba yake ya mwaka 2010, ilimpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na mwaka 2016 ikatunga sheria ya jambo hilo, yenye kumlinda pia atoaye habari kwa manufaa ya watu wote. Lakini angalieni: utaratibu wa Bwana wetu hauishii kwa mtu wa pili. Una hatua ya tatu, nayo ni ya hadhara. Mwenye kosa akiwa ndiye yule yule apokeaye mashtaka, utamshtaki kwa nani? Hapo watu wote ndio wanaobaki, na katika nchi kubwa hapana njia ya kuwaambia watu wote ila gazeti na ndugu zake, redio na televisheni.

Na wakubwa wenyewe wajua nguvu ya karatasi. Usiku wa tarehe 2 Machi mwaka 2006, katika majuma yale yale, polisi waliojifunika nyuso waliingia katika nyumba ya gazeti la The Standard huko Nairobi, wakazichoma nakala zilizokuwa zimepigwa chapa, wakaizima televisheni ya KTN. Waziri wa usalama wa ndani, Bwana John Michuki, hakukana. Alisema ya kuwa ukimchokoza nyoka yakupasa kutazamia kuumwa. Tuliposikia habari hiyo tulimkumbuka Mfalme Yehoyakimu katika Yeremia, sura ya 36, aliyekuwa ameketi mbele ya moto wa makaa wakati wa baridi, na kila waliposoma kurasa chache za gombo alizikata kwa kisu akazitupa motoni. Gombo liliteketea. Kisha Baruku akaliandika tena, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Serikali ijilinganishayo na nyoka imesahau ya kuwa Mtume aliiita mtumishi.

Hata hivyo wako wengine ambao tukisema haya hupiga makofi, nao yatupasa kuwageukia pia. Hawa husema ya kuwa hapana siri yo yote iliyo halali, na kila karatasi imwagwe njiani, kila mtu ajiokotee. Hatuko pamoja nao. Mwaka 2010 watu wa WikiLeaks walianza kutoa barua za mabalozi wa Marekani, zaidi ya 250,000 kwa hesabu. Hapo kwanza walishirikiana na magazeti makubwa, nayo yalifuta majina ya watu ambao wangeweza kudhuriwa. Lakini mwezi wa Septemba mwaka 2011 barua zote zilimwagwa na majina yake, na magazeti yale yale yaliyokuwa yameshirikiana nao yakawalaumu. Mwezi huo huo mwandishi mmoja wa habari wa Uhabeshi, ambaye jina lake lilionekana katika barua mojawapo, alihojiwa na watu wa Serikali yake, akaikimbia nchi. Hakuwa ameiba kitu. Alikuwa mtu mdogo tu, aliyepondwa chini ya magurudumu ya ukweli wa watu wengine. Je, kijana wa Matendo ya Mitume angalifanya hivyo? Yeye alijua kuitoa siri moja na kuishika nyingine.

Kwa hiyo twasema uhuru wa gazeti una mipaka, lakini mipaka hiyo haiwekwi na hofu ya mwenye cheo. Mwandishi aliyepata siri na ajiulize maneno manne kabla ya kuipiga chapa. Je, ni kweli, na ushahidi upo? Je, aliyepaswa kuambiwa kwanza ameambiwa, akakataa kusikia? Je, siri hii yawalinda watu, au yamlinda mtu asihesabiwe na watu? Je, yuko asiye na hatia atakayeumia, na jina lake laweza kufutwa? Asipoweza kuyajibu, na aiweke kalamu chini. Akiyajibu yote kwa dhamiri safi, na aandike, tena awe tayari kusimama mahakamani. Maana asemaye kweli hana kinga ya kutoulizwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilimwamuru Bwana Githongo amlipe aliyekuwa waziri mmoja shilingi milioni 27, kwa kumharibia jina katika mambo hayo hayo. Wengine watafurahi kusikia hivyo, na wengine watasikitika. Sisi twaona ya kuwa tofauti ya mahakama na moto ni hiyo: mbele ya mahakama pande zote mbili husema, na hukumu husomwa mchana, moto wa usiku humnyamazisha mmoja, wala haumsafishi mwingine.

Mwisho twarudi kijijini kwetu, maana ni rahisi kuyanyoosha mambo ya Nairobi na London huku ya nyumbani yamepinda. Hapa kwetu hakuna mikataba ya mabilioni. Lakini kuna daftari la chama cha mazao, kuna fedha za dawa za zahanati, kuna sanduku la michango ya shule. Mara ngapi mkulima ameuliza, "Bei ya kahawa yetu iliuzwaje?" akaambiwa ya kuwa hayo ni mambo ya ofisi? Neno "ofisi" hapa kijijini hufanya kazi ile ile ya neno "usalama" kule mjini. Mwenye kuyazoea madogo haya hawezi kuyashangaa makubwa yale.

Basi, ndugu zetu wazee, twawaomba mambo mawili. Mshikeni imara ashikaye siri ya kuwalinda watu, awe askari, mganga au mwalimu, wala msimcheke kwa ukimya wake. Lakini akija karani kijana, anatetemeka, na daftari chini ya kwapa, akiwaambia ya kuwa hesabu hizi si za kweli, msimtolee Warumi 13. Mketisheni, mfunge mlango, msome pamoja naye mstari kwa mstari. Mwendeeni mkosaji, kwanza peke yake, kisha na mashahidi. Asiposikia, msimwache yule kijana aende peke yake mbele ya watu. Simameni pamoja naye. Mungu awape wakuu wetu masikio, nasi atupe ulimi wa kweli, na akili ya kujua lini tuufunge.